Moyo Uendao Mbio na Wajibu wa Kuitafuta Sababu Yake

KHUTBA YA KWANZA

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi, aliyemuumba mwanadamu katika giza la tumbo la mama yake, akamtilia moyo, nao ukaanza kupiga hata kabla ya mimba kuonekana kwa macho ya watu. Twamshukuru, twamwomba msaada na msamaha, na twajikinga kwake na shari za nafsi zetu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Amma baad. Ndugu zetu Waislamu, mlio msikitini na mlio majumbani kando ya redio zenu, katika mji wa Moshi na huko juu Machame, Kibosho, Uru, Marangu na Rombo. Wazee wetu, mama zetu, na nyinyi vijana wanafunzi. Twajiusia sisi wenyewe kwanza, kisha twawausia nyinyi, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri.

Leo tumekusudia kusema juu ya jambo ambalo halitajwi mara nyingi juu ya mimbari, ingawa limo katika nyumba nyingi, nalo ni moyo kwenda mbio. Hatukusudii moyo kwa maana ya nia na imani, bali nyama hii iliyomo kifuani, isiyozidi ukubwa wa ngumi ya mwenyewe, ambayo hupiga mara laki moja au karibu na hapo kila siku, nasi hatuna habari nayo. Mtu hukaa miaka mingi asiusikie moyo wake. Kisha usiku mmoja, kijiji kimetulia na baridi ya mlima imeshuka juu ya migomba, moyo unashtuka, unadunda kwa nguvu hata ausikia masikioni, unaruka pigo moja, unarudi kwa kishindo, mikono inatoka jasho, na mtu anadhani kwamba saa yake imefika.

Asubuhi anawaeleza watu wa nyumbani. Mmoja anasema, "Hili ni jini." Wa pili anasema, "Huyu ana hasidi." Wa tatu anasema kwamba ni uvivu, mtu hataki kwenda shambani. Wa nne anatoa vidonge vyake vya presha mkobani na kusema, "Meza hivi, mimi vilinifaa." Tutazameni, ndugu zetu: watu wanne wametoa hukumu nne, na wala hakuna hata mmoja aliyeuliza swali. Hakuna aliyeuliza moyo ulianza lini kwenda mbio, ulidumu muda gani, na mtu alikuwa akifanya nini ulipoanza.

Sheria yetu tukufu haimruhusu kadhi kukata shauri kabla ya kusikiliza mashahidi. Mdai anatakiwa alete ushahidi, na mdaiwa anasikilizwa. Ikiwa hivyo ndivyo ilivyo katika shauri la mbuzi au la mpaka wa kihamba, itakuwaje basi tukate shauri la uhai wa mtu kwa dhana tupu? Hili ndilo neno letu la leo, na mengine yote yatakayofuata ni maelezo yake: alama ni moja lakini sababu ni nyingi, na haifai kuichagua sababu kabla ya kuitafuta.

Enyi wenyeji wa miteremko ya Kilimanjaro, nyinyi mnaijua kazi ya kutafuta sababu kuliko watu wengi. Wazee wenu walichimba mifereji, mifongo kama mnavyoiita, kuyatoa maji katika mito ya mlimani na kuyaleta mpaka kwenye migomba na mibuni. Maji yakipungua katika kihamba, mwenye shamba hakai chini ya mgomba akaulaumu. Huchukua jembe lake, akaufuata mfereji kwenda juu, hatua kwa hatua, mpaka aone mahali palipobomoka, au palipoziba kwa majani, au alipo mtu aliyeyageuza maji kwa zamu isiyokuwa yake. Mgomba unaonyesha dalili, lakini sababu iko juu. Na moyo uendao mbio, mara nyingi, ni kama mgomba ule: dalili iko kifuani, na sababu iko kwingine.

Ndugu zetu, katika sira ya Mtume wetu (S.A.W.) tunalo funzo kubwa. Wahyi ulipomshukia kwa mara ya kwanza katika pango la Hira, alirejea nyumbani kwa Bibi Khadija hali moyo wake ukitetemeka, akaomba afunikwe nguo. Hatusemi kwamba alikuwa mgonjwa; yeye alibeba jambo zito lisilobebwa na mtu mwingine. Lakini yatazameni aliyoyafanya Bibi Khadija. Hakumcheka wala hakupiga mayowe. Alimfunika mpaka hofu ikamtoka. Kisha akamsikiliza. Kisha akamkumbusha wema wake kwa jamaa, kwa wanyonge na kwa wageni, akamhakikishia kuwa Mola wake hatamfedhehesha. Na hakuishia hapo, bali alimchukua mpaka kwa Waraka bin Naufal, mtu aliyekuwa na elimu, ili jambo lile lipate maelezo kwa mjuzi. Kutuliza, kusikiliza, kutia moyo, kisha kumwendea mwenye elimu: hiyo ndiyo njia ya nyumba ya Mtume, na inatosha kuwa mwongozo wa kila nyumba.

Na imepokewa katika mkusanyiko wa Abu Daud kwamba sahaba Saad bin Abi Waqqas alipougua, Mtume (S.A.W.) alikwenda kumtazama, akaweka mkono wake mtukufu juu ya kifua chake, akamwambia kwamba maradhi yake ni ya moyo, na akamwelekeza kwa Harith bin Kalada, tabibu wa kabila la Thaqif. Zingatieni vyema. Mtume wa Mwenyezi Mungu yupo, dua yake haina shaka, na juu ya hayo anamtuma mgonjwa kwa tabibu. Wanavyuoni wamehitilafiana kuhusu kusilimu kwa Harith, na baadhi yao wametoa hapo hoja ya kwamba yafaa kutibiwa na tabibu asiye Muislamu, maadamu ni mjuzi na mwaminifu. Kwa hiyo asiwepo miongoni mwetu atakayesema kwamba kwenda hospitali ni upungufu wa imani, wala atakayeona vibaya kuingia KCMC, hospitali ya rufaa iliyofunguliwa hapa Moshi mwaka 1971, kwa kuwa imeasisiwa na ndugu zetu Wakristo. Elimu ya tiba ni amana, na Waislamu wana fungu lao katika kuijenga. Ibn Sina aliandika kwa urefu juu ya mapigo ya mshipa wa mkono na namna ya kuyasoma. Ibn al-Nafis, mzaliwa wa Damascus aliyefanya kazi ya utabibu Cairo, alieleza katika karne ya 13 namna damu inavyotoka upande wa kulia wa moyo, ikapita katika mapafu na kurudi upande wa kushoto, karne tatu kabla ya jambo hilo kuandikwa Ulaya.

Basi moyo unakwendaje? Mwenyezi Mungu ameuwekea moyo umeme wake wenyewe. Katika chumba cha juu cha upande wa kulia mna mahali padogo panapotoa amri ya kila pigo, na amri hiyo husambaa moyoni kote, ukajikunja na kusukuma damu. Mholanzi mmoja, Willem Einthoven, alibuni mwanzoni mwa karne ya 20 chombo cha kuupima umeme huo na kuuchora, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1924. Kipimo kile ambacho mgonjwa hubandikwa nyaya kifuani, mikononi na miguuni, na karatasi ikatoka ina vilima na mabonde, asili yake ni kazi hiyo. Hakiumizi, wala hakiingizi umeme mwilini; kinasikiliza tu.

Mtu mzima aliyepumzika, moyo wake kwa kawaida hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Akipanda mteremko, akiwa na homa, akiogopa au akifurahi, huongezeka, na hayo si maradhi. Vijana wetu wanaobeba mizigo ya wageni kwenda Kibo wanalijua jambo hili. Kilele kile kina urefu wa mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi, hata pumzi moja ina karibu nusu tu ya oksijeni ipatikanayo pwani. Moyo hukimbia ili kufidia upungufu huo. Lakini mpagazi akiumwa sana na kichwa, akikohoa na kukosa pumzi hata akiwa amekaa, au akianza kuyumba na kusema maneno yasiyoeleweka, huo si uchovu wa kawaida. Dawa yake ya kwanza ni kushuka mara moja, na asiogope kwamba atapoteza ujira. Ujira hutafutwa tena.

Sasa tupige mifano mitatu, ili neno letu lieleweke.

Mfano wa kwanza ni mama mwenye watoto watano, ambaye moyo wake humwenda mbio akipanda kutoka sokoni, anachoka upesi, na midomo yake imepauka. Jirani anamwambia kwamba amerogwa. Akipimwa, huenda ikaonekana kwamba damu yake ni pungufu, ama kwa sababu ya uzazi wa mfululizo, ama hedhi nzito, ama malaria ya huko chini kwenye mashamba ya umwagiliaji, ama minyoo inayofyonza damu tumboni. Damu ikiwa kidogo, moyo hauna budi kuizungusha upesi zaidi. Mama huyu dawa yake ni kutibiwa kilichomwondolea damu, na kurudishiwa madini ya chuma kwa vidonge na kwa chakula, na kuacha kunywa chai ya rangi pamoja na mlo, kwani chai huzuia chuma kuingia mwilini.

Mfano wa pili ni mwanamke mwingine, naye moyo wake waenda mbio vile vile. Lakini huyu anakonda ingawa anakula, anatoka jasho wakati wenziwe wanajifunika blanketi, mikono yake inatetemeka, na shingo yake imevimba kwa mbele. Huyu, pengine, tezi ya shingoni inafanya kazi kupita kiasi, na kipimo cha damu hulibainisha jambo hilo, nayo dawa yake ipo. Laiti angelishwa vidonge vya mama wa kwanza, visingemfaa kitu.

Mfano wa tatu ni kijana wa kidato cha nne. Mtihani umekaribia, ada haijalipwa, usiku halali, na ili asisinzie hunywa kahawa kikombe baada ya kikombe, na rafiki mbaya amemwonjesha mirungi. Moyo unadunda, vidole vinakufa ganzi, anahisi anakata roho. Kahawa ni neema ya mlima huu, na chama cha wakulima wa kahawa, KNCU, kilianzishwa mwaka 1933. Wala hatuiharamishi kahawa. Lakini kila kitu kina kadiri yake, na kahawa nyingi huuhangaisha moyo. Ama mirungi, hiyo sheria ya nchi imeikataza, huusukuma moyo na kupandisha shinikizo la damu, na Muislamu haimpasi kuikaribia. Sigara ni hivyo hivyo. Na pombe, ambayo Mola wetu ametuharamishia, tabibu naye huihesabu miongoni mwa vitu vinavyouvuruga moyo mwendo wake.

Watu watatu, alama moja, sababu tatu, na dawa tatu. Je, haikudhihiri kwamba anayechagua sababu kabla ya kuitafuta anaweza kumdhulumu mgonjwa, hata kama nia yake ni njema?

Twasema haya, na twamwomba Mwenyezi Mungu atughufirie sisi na nyinyi na Waislamu wote. Mwombeni msamaha, kwani Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.

KHUTBA YA PILI

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu kwa neema zake zilizo dhahiri na zilizofichika. Rehema na amani ziwe juu ya Mtume wetu Muhammad na wote walio wake.

Ndugu zetu Waislamu, baada ya kuusikia wajibu wa kutafuta, yatupasa kujua namna ya kutafuta. Mgonjwa mwenyewe ndiye shahidi wa kwanza, kwani moyo una tabia ya kutulia mtu afikapo mbele ya daktari. Akipimwa wakati umetulia, karatasi inaweza kutoka safi, naye akarudi amekata tamaa. Kwa hiyo mgonjwa na ashike daftari, na asiyejua kuandika amwambie mwanawe mwanafunzi amwandikie: siku, saa, alichokuwa akifanya, alichokula au kunywa, dawa alizomeza, moyo ulianza ghafla au polepole, na ulikoma vipi. Na ajifunze kuhesabu mapigo yake. Aweke vidole viwili juu ya kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, ahesabu kwa dakika moja nzima kwa saa ya ukutani, tena asikilize: je, yanakwenda sawa kama hatua za mtu mmoja, au yanakwenda ovyo kama hatua za watu wengi waliofukuzwa? Tofauti hiyo ni kubwa mno kwa tabibu.

Kwani wapo wazee ambao moyo wao hupiga bila mpango, mara upesi mara polepole, na wengine hawahisi maumivu yoyote. Moyo wa namna hiyo hauisukumi damu yote sawasawa. Baadhi hutuama na kuganda, na donge likitoka hapo likapanda kichwani, ndipo mzee huanguka kwa kiharusi, mkono na mguu wa upande mmoja ukafa. Hapa jirani, katika wilaya ya Hai, wazee zaidi ya elfu mbili wenye miaka 70 na kuendelea walipimwa takriban mwaka 2010. Waliokutwa na moyo wa namna hiyo walikuwa wachache, chini ya mmoja katika kila mia. Lakini waliokuwa na shinikizo la damu la juu walikuwa karibu saba katika kila kumi, na wengi wao walikuwa hawajui. Enyi vijana, msikilizeni vyema. Shinikizo la damu halipigi hodi. Msimngojee babu wala bibi mpaka alalamike. Mpelekeni zahanati akapimwe, kwani ni kipimo cha dakika chache.

Na watoto nao tusiwasahau. Mtoto akiumwa na koo kwa homa, asipotibiwa vyema, baada ya wiki kadhaa anaweza kupata homa ya baridi yabisi, viungo vikamuuma kwa kuhamahama, na maradhi hayo yakaziharibu vali za moyo, yaani milango yake midogo, akakua na moyo uliochoka. Sindano au vidonge vya penisilini, vikitolewa kwa wakati na kukamilishwa, huzuia msiba huo. Mzazi anayekatisha dawa siku ya tatu kwa kuwa mtoto ameanza kucheza, amefanya haraka mahali pasipofaa haraka.

Ama mahali panapofaa haraka ni hapa. Moyo ukienda mbio na mtu akazimia au akakaribia kuzimia. Au akapata maumivu ya kifua. Au akakosa pumzi. Au ikiwa yalimtokea katikati ya kukimbia au kazi nzito. Au ikiwa katika ukoo wake wapo waliofariki ghafla wangali vijana. Au uso ukapinda, mkono ukalegea, maneno yakamtatiza: huyo asingojee kesho, asingojee mnada wala mavuno. Na apelekwe usiku ule ule. Asiye katika hali hizo naye aanze zahanati au kituo cha afya cha karibu, apimwe damu na shinikizo. Ikihitajika atapelekwa hospitali ya wilaya, au Mawenzi, hospitali ya mkoa, au KCMC, na maradhi mazito zaidi ya moyo yana taasisi yake Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015. Na sisi wa jamaa ya msikiti, tukisikia kwamba fulani ameshindwa nauli, sadaka yetu ina mahali pa kwenda.

Mtu akauliza: je, na kisomo, na dua? Tunajibu: dua ni silaha ya muumini, na haikatazwi kabla ya dawa, wala wakati wa dawa, wala baada yake. Qur'ani Tukufu imetufundisha kwamba dhikri ya Mwenyezi Mungu ni utulivu wa nyoyo, na sisi tunaamini. Lakini anayemwambia mgonjwa aache vidonge ili kisomo kifanye kazi, huyo ameongeza katika dini kisichokuwemo, na anayemtoza mbuzi watatu kwa kumtaja jirani kuwa ndiye mchawi, amekula mali kwa batili na kuvunja ujamaa wa watu wawili. Kumtegemea Mwenyezi Mungu ni kumfunga ngamia kwanza, kama Mtume wetu alivyomfundisha yule aliyemuuliza, na hospitali ni sehemu ya kamba.

Moyo unapoanza kukimbia, mgonjwa na akae chini, alegeze nguo shingoni, avute pumzi polepole na kuitoa polepole zaidi, amtaje Mola wake kwa sauti ya chini. Akiwa juu ya ngazi au barabarani, atoke hapo kwanza. Matabibu huwafundisha baadhi ya wagonjwa, baada ya kuwapima, namna ya kujikaza pumzi au kutia maji baridi usoni ili kuurejesha moyo katika mwendo wake. Aliyefundishwa na afanye kama alivyofundishwa. Na asile vidonge vya mwenziwe kamwe.

Katika Ramadhani, mwenye dawa za moyo asizikate kwa nafsi yake. Amuulize daktari kabla ya mwezi kuandama, kwani dawa nyingine huweza kupangwa futari na daku, na nyingine haziwezi. Akiambiwa asifunge, basi asifunge wala asione haya mbele za watu. Ruhusa ya mgonjwa imetoka kwa Yule Yule aliyefaradhisha saumu.

Ndugu zetu, limebaki jambo moja, nalo ndilo zito kuliko yote. Yuko mgonjwa ambaye amekwenda hospitali, amepimwa damu, amepimwa umeme wa moyo, ameambiwa kwamba moyo wake ni mzima. Anarudi nyumbani, na usiku ule moyo unadunda tena. Watu wake wanasema, "Umeambiwa huna kitu. Unatusumbua." Tunasema: hapo tumemdhulumu. Kuambiwa kwamba moyo ni mzima ni habari njema, lakini si kuambiwa kwamba yeye ni mwongo. Hofu nayo ni maradhi, na huzuni ni maradhi, na mwili huyabeba ambayo ulimi umeshindwa kuyasema. Pengine amefiwa na hajalia. Pengine ana deni ambalo mumewe hajui. Pengine kuna ugomvi wa kihamba na ndugu yake wa tumbo moja, na kila anapopita pale mpakani kifua chake kinapasuka. Hiyo nayo ni sababu, na inatafutwa kama nyingine zote, ila haitafutwi kwa nyaya za kipimo, bali kwa kusikilizwa. Na hospitalini wapo wataalamu wa maradhi ya fikra. Kuwaendea si wazimu wala aibu.

Mama yake Nabii Musa (A.S.), alipomtia mwanawe mtoni, moyo wake ulikuwa mtupu kwa wasiwasi, na alikaribia kuidhihirisha siri yake, lau Mola wake asingeuimarisha moyo ule. Na juu ya kuimarishwa huko, alimtuma dada yake Musa amfuatie mtoto kwa mbali, atazame linalotokea. Moyo wake ulitulizwa, na mtu wa kufuatia akatumwa. Haya mawili hayapingani. Basi wewe mume, uwe mtu wa kufuatia kwa mkeo: ongozana naye siku ya kliniki, ukasikie kwa masikio yako. Wewe mke, usimwache mumeo afiche maumivu ya kifua kwa sababu ya uanaume. Wewe mwanafunzi, unayejua kusoma karatasi za dawa, wasomee wazee wako polepole bila ya kuwafokea. Na wewe mgonjwa, usichoke kuulizwa, wala usichoke kurudi. Mwenye mfereji huupanda mlima mara nyingi kabla ya maji kurejea.

Ewe Mola wetu, Wewe unayezigeuza nyoyo, thibitisha nyoyo zetu juu ya dini yako, na uzitulize vifuani mwetu. Ewe Mola, waponye wagonjwa wetu waliolala majumbani na mahospitalini, wajulishe matabibu yaliyofichika, uitie baraka mikono yao. Waondolee hofu wenye kuogopa, na deni wenye kudaiwa, na upatanishe baina ya ndugu waliogombana. Usitufanye wenye kuhukumu bila elimu, wala wenye kumcheka aliyeumwa. Warehemu wazee wetu waliotangulia, wakazikwa katika ardhi hii, uwasamehe sisi na wao. Amin.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, timizeni amana, ungeni jamaa, watembeleeni wagonjwa, na mkumbukeni Mola wenu ili naye awakumbuke. Simameni tusali.